Ruzuku ya dawa ya mseto ya malaria ikipunguzwa, nani anaumia kwanza: kiwanda, mwagizaji au duka?

mizani_ya_dawa:
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua sekta. Mpango wa AMFm (wa kupunguza bei ya dawa za malaria) chini ya Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulishusha bei elekezi ya dawa ya mseto yenye alama ya jani la kijani hadi Sh 1,000 Tanzania na Sh 40 Kenya. Baada ya majaribio, bodi yao iliamua Novemba 2012 kuuingiza kwenye ruzuku za kawaida za kila nchi. Habari ya mgonjwa imeandikwa sana. Nataka upande wa biashara: hela ilikuwa inaingilia wapi, na masharti yakibadilika mshtuko unaanzia wapi?

ghala_kuu:
Hela iliingilia kiwandani, haikupita dukani. Mwagizaji aliyesajiliwa anaweka oda, oda ikikubaliwa Global Fund inamlipa mtengenezaji sehemu kubwa ya bei, mwagizaji anamalizia kilichobaki.

Sasa piga hesabu. Tuseme dozi ya mtu mzima (vidonge 24) inatoka kiwandani kwa dola 1.50. Ruzuku ikiwa asilimia 95, mwagizaji analipa senti 7.5. Ishushe hadi asilimia 70, analipa senti 45. Mfadhili amepunguza kama robo tu, lakini bei ya kununulia imepanda mara 6, na mtaji wa kujaza kontena lile lile nao mara 6. Mwagizaji mdogo anaishia hapo, kwa sababu benki haikuongezei mkopo mara 6 ndani ya robo moja ya mwaka.

Jambo la pili ni faida. Anayeweka asilimia 20 juu ya senti 7.5 anapata senti moja na nusu kwa dozi. Hiyo haibebi usafiri wa kutoka Dar hadi Kigoma. Kwenye dawa yenye ruzuku panga faida kwa shilingi kwa pakiti, usipange kwa asilimia, la sivyo mzigo utabaki mjini.

msaga_vidonge:
Aliyeumia mapema zaidi ni kiwanda cha ndani, tena wakati ruzuku inaanza, kabla hata haijapunguzwa. Bidhaa iliyoruhusiwa kupata ruzuku ilipaswa kuwa na ithibati ya awali ya WHO (uthibitisho wa ubora wa Shirika la Afya Duniani) au kibali cha mamlaka ya dawa kali inayotambulika. Kampuni za nje kama Novartis, Cipla na Ajanta zilikuwa nayo. Kiwanda cha hapa kikitengeneza mseto ule ule wa artemether 20 mg na lumefantrine 120 mg bila ithibati, kinashindana na pakiti inayouzwa kwa sehemu ndogo ya gharama yake.

Na ithibati hainunuliwi kwa mwezi. Unahitaji jaribio la kulinganisha ufyonzwaji mwilini na dawa halisi ya kwanza kusajiliwa (lumefantrine ni ngumu hapo, inategemea mafuta ya chakula), jaribio la kuona kama dawa haiharibiki kwa miezi 6 kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, pamoja na lile la muda mrefu kwenye nyuzi 30, halafu ukaguzi wa jengo zima hadi mfumo wa hewa. Kiwanda cha dawa cha Luzira, Kampala, kilizinduliwa 2007 kwa ubia na Cipla, kwa hiyo utaalamu ulikuja na mbia. Asiye na mbia wa hivyo hugeuzia mitambo kwenye parasetamoli na dawa za maji, na ruzuku ikija kupungua hana tena laini ya mseto ya kuziba pengo. Hili linaniuma, maana serikali zetu huzungumzia viwanda vya ndani baada ya zabuni kufungwa.

pakacha:
Msisahau shamba. Artemisinini, malighafi kuu ya mseto, inatokana na majani ya mmea unaovunwa mara moja kwa mwaka, na kutoka mbegu hadi kidonge ni zaidi ya mwaka. Kilo ilipita dola 1,000 mwaka 2005, ikaanguka chini ya 200 kufikia 2007, kisha ikapaa tena 2011 oda za AMFm zilipofurika. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walipanda bei ikiwa juu na kuvuna ikiwa chini. Bila mkataba wa bei kabla ya kupanda, mabadiliko yoyote ya ruzuku yanamwangukia mkulima.

mizani_ya_dawa:
Asanteni sana. Na mwenye duka la dawa muhimu, aangalie nini?

ghala_kuu:
Aangalie pakiti za watoto. Pakiti ya vidonge 6 ni ya mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15. Pakiti nne ni vidonge 24, dozi kamili ya mtu mzima. Ruzuku ikibaki nono kwa watoto na kupungua kwa watu wazima, mteja mzima atanunua nne za watoto, na ndani ya wiki mama mwenye mtoto mwenye homa anakosa. Mwaka 2011 Global Fund ilipochuja oda na kupendelea pakiti za watoto, hatari ilikuwa hiyo hiyo. Tenga idadi ya watoto pembeni na usiiuze kwa wazima. Na usijaze stoo kwa kuogopa bei mpya: mseto una miezi 24 hadi 36 tu tangu kutengenezwa, kutegemea aina, na unaoupokea umeshakula kadhaa baharini na bandarini. Soma tarehe kwenye boksi kabla ya kulipa.