Re: Eka 3 za Chanika, nataka bonde libaki pori hata nikifa

Kutoka: mdogo wenu, Reading

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku. Niko huku Uingereza mwaka wa 19 sasa na juzi kazini walituletea wakili wa kutuandikia wosia bure, ndo nikakumbuka zile eka 3 za Chanika, nje kidogo ya Dar, alizoniachia marehemu baba. Kuna bonde lina miti mikubwa na kijito, usiku komba wanalia mpaka mgeni anaogopa, majirani wote wameshachimba mchanga na kukata viwanja vya 20 kwa 20, tumebaki sisi tu. Nataka niandike kwenye wosia wa huku kwamba bonde lisiuzwe, libaki kama lilivyo, na niache hela kidogo ya kulitunza. Hiyo inatosha au kuna kingine?

Kutoka: kaka, Tabata (nilirudi 2016)

Marahaba mdogo wangu. Haitoshi, na nakwambia kwa uchungu maana yametukuta. Mjomba wangu alikuwa na bonde huku nje ya mji, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari "bonde lisiuzwe milele", akaifunga kwenye mfuko wa nailoni akaiweka kabatini chini ya kanga za shangazi. Mashahidi walikuwa wawili, wote watoto wake, yaani warithi haohao. Hakusema nani alishike, nani alipe kodi ya ardhi, mlinzi alipwe na nani. Alipofariki ukoo ukakaa ukapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama ikampitisha, na hata arobaini haijafika dalali keshakuja mara mbili. Leo ukipita pale ni Fuso za mchanga tu, na ule mvule tuliokuwa tunachezea chini yake kimebaki kisiki, wapangaji wanaanikia nguo.

Kwa hiyo neno "lisiuzwe" lenyewe halimzuii mtu kama hujamtaja wa kulisimamia. Lazima bonde liende kwa mtu au taasisi yenye uwezo wa kumiliki ardhi kisheria, na kwa Tanzania taasisi nyingi za hivyo zinamiliki kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye cheti pamoja na namba ya usajili, na uongeze kipengele kwamba ikivunjika au ikibadili jina zawadi iende wapi. Halafu, hili watu wengi wanaliruka, waulize kabla kama wanalitaka! Taasisi inaweza kukataa eka 3 kwa sababu kulinda kipande kidogo ni gharama. Wapo wa misitu kama TFCG, shirika la kuhifadhi misitu Tanzania, andika email uwaeleze lilipo na lina nini.

Angalia pia karatasi zinasema ardhi ni ya matumizi gani. Kama ni makazi kuna masharti ya kuendeleza, ukiliacha pori miaka na miaka unaweza kuonekana umetelekeza na miliki ikafutwa, kwa hiyo suala la matumizi limalizwe ofisi ya ardhi ukiwa hai. Sheria ya Misitu ya 2002 inautambua msitu wa mtu binafsi, anzia hapo na wakili.

Wosia wenyewe ufanye miwili, wa Uingereza kwa mali za huko na wa Tanzania kwa za huku, huu unaweza kuuhifadhi RITA. Ila soma vizuri mstari wa kwanza wa ule wa huko, mara nyingi wanaandika "nafuta wosia zangu zote za nyuma", ukisaini bila kuangalia umeshaufuta wa Chanika mwenyewe. Kila mmoja useme wazi unahusu mali za nchi gani. Na mashahidi wawili wasiwe wenye kupata kitu humo.

Hela sasa. Huko kodi ya mirathi ni asilimia 40 kwa kinachozidi pauni 325,000, unachoacha kwa chariti hakikatwi, na ukiacha angalau asilimia 10 kiwango kwenye kilichobaki kinashuka hadi 36. Lakini tangu Aprili 2024 msamaha huo ni kwa chariti za Uingereza tu, ukitaja taasisi ya Dar moja kwa moja huupati. Mimi ningeacha asilimia na siyo kiasi, maana pauni 5,000 za leo sijui zitanunua nini miaka 30 ijayo.

Watoto wako kama wana pasi ya Uingereza tu, usiliache bonde kwa majina yao, asiye raia hamiliki ardhi huku kama raia. Na swali moja kubwa: hati ina jina lako au la marehemu?

Kutoka: dada, Birmingham

Naongezea kwa sisi Waislamu, wasia hauzidi theluthi moja na mrithi hausiwi. Bonde likiingia ndani ya theluthi sawa, ila mimi naona bora aliweke wakfu akiwa mzima, analiona kwa macho yake linavyotunzwa. Na kijito chochote upande ule msikichukulie poa jamani, Msimbazi wenyewe unaanzia vilima vya Pugu, mchanga unaochimbwa huko juu mvua ikija unakuja kukaa Jangwani, bondeni katikati ya Dar. Mafuriko ya Desemba 2011 tuliokuwa na ndugu pale tunayajua, wengine ndo wakahamishiwa Mabwepande, nje ya mji.

Kutoka: mdogo wenu, Reading

Nimempigia mama jana. Kaka, hati bado ina jina la baba! Kaka yetu mkubwa wa nyumbani aliteuliwa msimamizi wa mirathi lakini hajawahi kuhamisha chochote, kwa hiyo nilikuwa naandika wosia wa kitu ambacho kwenye karatasi si changu. Mama alinyamaza kidogo halafu akasema baba alikuwa anakaa pale kijitoni kila Jumapili jioni na redio yake, yeye anakubali bonde libaki. Nimemuomba aseme hivyohivyo mbele ya wenzangu wote kwenye kikao cha Pasaka.

Kutoka: kaka, Tabata

Hilo la mama ni kubwa, liandikwe muhtasari na kila mtu asaini. Muulize kaka yenu barua ya usimamizi aliitoa mahakama gani, kama jalada liko Temeke kwenye kituo cha mambo ya familia mimi nitamsindikiza. Jumamosi nina safari ya Chanika, nitumie ramani nikapige picha bikoni zote nne za mipaka kabla hazijang'olewa.