Skana ya HDFS inatufagilia kache, halafu tunaambiwa tuongeze RAM!

Wakuu,

Kila tukilalamika kwamba asubuhi klasta ni nzito, tunajibiwa "ongezeni RAM". Nimechoshwa na jibu hilo. Waliotufungia klasta ya Hadoop (seva nyingi zinazohifadhi data kwa pamoja kupitia mfumo wa mafaili wa HDFS), na wanaofunga kwa mtindo huohuo, naomba wasome hapa.

Kila DataNode, yaani seva inayohifadhi data, ina VolumeScanner, skana inayopita kwenye diski, ikisoma bloku (vipande vya mafaili) na kuhakiki cheksamu (namba za kuthibitisha kwamba data haijabadilika) ili data iliyoharibika ijulikane mapema. Kazi hiyo ni ya lazima, sina ugomvi nayo. Lakini kasi yake ya kawaida ni MB 1 kwa sekunde kwa kila diski. Mnaiona ndogo? Pigeni hesabu: ni kama GB 90 kwa siku. Seva zetu zina diski 12 zilizojaa, kwa hiyo haipumziki, na zaidi ya TB 1 inapita kila siku kwenye seva yenye RAM ya GB 128! Data ambayo hakuna aliyeiomba inasukuma nje ya kache, sehemu ya RAM inayotunza data iliyotumika karibuni, data za ripoti zilizoandikwa usiku. Asubuhi watu wanasubiri diski.

Waliotengeneza HDFS walishaliona hili. Skana ikisoma, kila baada ya MB 1 huiambia kerneli (kiini cha Linux), kwa wito wa posix_fadvise wenye agizo la DONTNEED, iondoe kwenye kache kurasa (vipande vya data) zilizokwisha kusomwa. Ila wito huo hupitia libhadoop, laibrari asilia (native) ya Hadoop. Laibrari hiyo isipopakiwa, wito haufanyiki, wala skana yenyewe haitoi kosa lolote. Ukaguzi unaendelea na kache inajaa takataka. Na ndivyo tulivyofungiwa! Onyo la laibrari kutopakiwa linatokea kila tukiendesha amri, tukauliza, tukajibiwa "hilo lipuuzeni". Endesheni hadoop checknative -a muone wenyewe kama imepakiwa.

Hata ikipakiwa bado kuna kasoro. DONTNEED haiangalii ukurasa uliletwa na nani; bloku ambayo wateja wanaisoma muda huohuo nayo inatupwa. Linux 6.14 imeleta RWF_DONTCACHE, alama ya kusoma na kuandika inayoondoa kurasa ilizozileta yenyewe na kuziacha zilizokuwemo tangu awali. Huo ndio mwelekeo sahihi, lakini seva nyingi za kazi bado ziko kwenye kerneli za zamani.

Ninachodai ni hiki: warudi, wapakie libhadoop kwenye kila DataNode, kisha watuonyeshe kwa fincore (zana inayoonyesha ni kiasi gani cha faili kimo kwenye RAM) kwamba bloku zilizokaguliwa hazibaki kwenye kumbukumbu. Kabla ya hapo ankara ya RAM siidhinishi.

Nani mwingine kafungiwa klasta hivi?