Majaribio ya Capybara yanapita asubuhi, jioni yanafeli. Tatizo ni msimbo au mtandao?

ibanda_ruby (Bukavu): Wakubwa, nisaidieni. Nina programu ya wavuti ya Rails 7.1; naijaribu kwa RSpec na Capybara, inayofungua kurasa kama mtumiaji kwenye Chrome bila dirisha. Asubuhi mtandao ukiwa mzuri yote yanapita. Jioni data ikilegea, `visit` (amri ya kufungua ukurasa) inatoa `Net::ReadTimeout`, na mengine yanasema maneno "Malipo yamepokelewa" hayaonekani. Nimetia `sleep 5` kila mahali, wapi! Seva ni ya humu humu kwenye kompyuta, sasa mtandao unaingiaje?

fundi_katindo (Goma): Ndugu, hizo ni shida mbili, usizichanganye. `Net::ReadTimeout` ni Ruby kuchoka kumngoja chromedriver, programu inayopokea amri za jaribio na kuiendesha Chrome. Kikomo chake ni sekunde 60. Na `visit` hairudi mpaka ukurasa umalize kupakia kila kitu: picha, mitindo, fonti. Seva iko kwako, ndiyo, lakini bila shaka fonti na ikoni unazivuta nje.

Zima data kabisa, uendeshe tena. Majaribio yakienda mbio kuliko yanavyokwenda na mtandao dhaifu, mchawi umemwona: anwani isiyofikika inakataa papo hapo, ila inayosuasua inakuning'iniza. Kisha mfungie Chrome njia ya nje:

`options.add_argument('--host-resolver-rules=MAP * ~NOTFOUND, EXCLUDE 127.0.0.1')`

Kama unatumia `localhost`, nayo iongezee EXCLUDE yake. WebMock, ile maktaba ya kuzuia maombi ya mtandao kwenye majaribio, haitakusaidia hapa, inazuia maombi ya Ruby tu; Chrome ni mchakato mwingine. Na kama jemu (maktaba ya Ruby) ya `webdrivers`, iliyokuwa ikipakua chromedriver, bado iko kwenye Gemfile, itoe. Selenium ya sasa, maktaba ambayo Capybara huiendeshea Chrome, inajitafutia draiva hiyo yenyewe; ukiisha kuwa nayo, weka `SE_OFFLINE=true` isiende kuuliza matoleo mapya kwa mega zako.

katuba_dev (Lubumbashi): Shida ya pili, maneno yasiyoonekana, haiponi kwa `sleep`. Nabashiri umeandika hivi:

`expect(page.text).to include('Malipo yamepokelewa')`

Hiyo inasoma mara moja, basi. Andika `expect(page).to have_text('Malipo yamepokelewa')`. Itarudia kutazama hadi sekunde 2, na maneno yakitokea mapema inaendelea bila kungoja. Vivyo hivyo ukikagua anwani ya ukurasa, acha `current_path`, tumia `have_current_path`. Kwa kitu kinachopaswa kutoweka, `have_no_css`. Ukiandika `has_css?` halafu ukadai iwe `false`, alama ya kupakia ikiwa bado ipo utafeli hapo hapo.

`click_button` nayo haingoji seva imalize. Ukihesabu malipo ya hifadhidata kwa `Malipo.count` mstari unaofuata, unaweza kupata sifuri. Kwanza `have_text`, ndipo uhesabu. Tafadhali usipandishe `default_max_wait_time`, zile sekunde 2 za kungoja, kwa majaribio yote. Palipo pazito peke yake tia `wait: 10`.

ibanda_ruby: Aksanti sana. Yote yanapita hata bila data, limebaki moja: kitufe cha kufuta, `element not interactable`, yaani hakibonyezeki.

fundi_katindo: Kitufe hicho ndani kina ikoni tu, sivyo? Ikoni inatoka nje, umeifungia, kitufe kimebaki na upana sifuri. Hamishia faili za ikoni ndani ya programu yenyewe. Halafu kipe kitufe jina lisiloonekana, `aria-label="Futa"`, na uwashe `Capybara.enable_aria_label = true`, ili `click_button 'Futa'` ikipate. Wateja wako wa jioni nao wanakiona kitufe hicho hicho kitupu.