Nimeumbuliwa mbele ya wageni, kisa kalamu!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Ni yule yule. Kila ofisi inaye, mnamjua: alikaa London miezi mitatu, akarudi anaongelea puani kama ana mafua ya kudumu.

Leo saa nne tuna kikao na wageni, kalamu yangu ikakata wino. Nikamwinamia kwa adabu zote alizonifunza bibi: "Please borrow me your pen." Jamani! Akainyanyua ile kalamu hewani kama mganga kashika usinga. "Lend, ndugu yangu. LEND. Borrow ni wewe unapochukua." Chumba kizima kimya, hadi feni ikaona aibu. Mgeni mmoja akakohoa. Kalamu bado ipo hewani.

Najua! Anayechukua ndiye wa 'borrow', anayetoa ndiye wa 'lend'. Nilichapwa kwa hilo darasa la tano. Lakini sisi neno letu si moja? Mimi naazima kalamu kwako, wewe unaniazima kalamu yako, na hakuna aliyewahi kufa. Hata Wajerumani wana 'borgen' yao, ndugu wa damu wa hiyo 'borrow', na kwao anayetoa na anayepokea wote wanaitumia. Mshamba ni mimi tu?

Na hakunipa! Kikao kizima nimeandika kwa macho. Kalamu yenyewe ya sh. 500, imetafunwa mfuniko. Hewani vile!

Tundu la Sindano: Uzi bila picha ya kalamu ni chai.

Bibi Harusi Mstaafu: Pole mkuu, ila umejitakia. Ungesema "Can I borrow your pen?" saa hizi ungekuwa unakula. Na kesho usije na 'lended', ni 'lent'.

Mleta uzi: Nilijua mwalimu hatakosekana. Mama, kalamu ilikuwa HEWANI!

Msukuma Toroli: Bora wewe. Bosi wangu kila barua pepe "kindly revert", kumbe anataka nimjibu. Nijuavyo mimi 'revert' ni kurudia hali ya zamani. Nikiirudia yangu atanifukuza siku hiyohiyo.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya tunasema "add me tea" na tunaongezwa, tena na mandazi juu. Nyinyi mnajisumbua bure.

Tundu la Sindano: Nimecheka "feni ikaona aibu" hadi mke kaniuliza nachati na nani.

Mpishi wa Zamu: Kiingereza kinasingiziwa, balaa ni kuazima kwenyewe. Jirani kachukua sufuria langu la pilau tangu Idi, "nakurudishia jioni". Juzi napita uani kwake, kaanikia dagaa.

Bibi Harusi Mstaafu: Dagaa!!! Mimi wangu kaondoka na ndoo mbili na ngazi. Kahamia Kigamboni navyo.

Tundu la Sindano: Mpishi, sufuria lilikuwa na mfuniko?

Mpishi wa Zamu: Mfuniko ninao mimi. Kila nikiuona roho inauma.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye kalamu...

Msukuma Toroli: Bibi Harusi, hiyo ngazi ni ya mbao au ya chuma?