Kuhesabu makangaga Usambara Mashariki: ploti ziwe na ukubwa gani?

Mdau_Muheza: Habari wadau. Tunaandaa hesabu ya aina za makangaga (ferns) kuanzia bondeni, mita 300, hadi Amani, mita 900 na kidogo. Ploti, yaani vipande vya ardhi vya kuhesabia, ziwe na ukubwa gani? Na ni kweli aina huongezeka kadiri unavyopanda?

Kijito: Mita 20 kwa 20. Ukizidisha hapo utachanganya kijito na mgongo wa kilima, na makangaga ya sehemu hizo mbili hayafanani. Kila mwinuko weka ploti mgongoni, mteremkoni na kijitoni. Hesabu nyingi huharibika kwa kutazama ardhini tu. Pitisha darubini kwenye matawi, kisha pekua yaliyoanguka. Huko ndiko yanakopatikana makangaga madogo yanayoota juu ya miti.

Ukungu: Huongezeka hadi ukanda wa mawingu, kisha hupungua baridi ikizidi. Sababu ni maji. Spora, ile chembe ya uzazi ya kangaga, husafiri mbali kwa upepo, ila ikiota hutoa kimmea kidogo chenye umbo la moyo, chembamba, kisicho na ngozi ya kuzuia maji yasipotee. Mbegu ya kiume lazima iogelee hadi kwenye yai. Pasipo utando wa maji, hakuna kizazi. Tazama kangaga la Hymenophyllum: jani lake lina unene wa seli moja, ukiliinua kwenye mwanga kidole kinaonekana upande wa pili. Usidhani nyanda za chini ni tupu, lakini. Acrostichum aureum huota kwenye mikoko yenye maji ya chumvi, na Actiniopteris hujikunja miambani kiangazi kizima, mvua ikinyesha hufunguka.

Mdau_Muheza: Shukrani sana. Na sampuli je?

Kijito: Chukua jani zima pamoja na kikonyo, na kipande cha shina linalotambaa chenye magamba. Mgongoni mwa jani pawe na madoa ya spora; bila hayo makangaga mengi ya jenasi Asplenium hutayatofautisha. Hymenophyllum ibane kwenye gazeti papo hapo, ikikaa mfukoni husinyaa. Alsophila manniana, ule mkangaga mrefu kama mti, msiukate: piga picha ya miiba na magamba ya kikonyo, pima shina. Familia yake imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kipande kikivuka mpaka kinahitaji kibali.

Ukungu: Selaginella mziandike safu ya pekee. Jani lina mshipa mmoja na spora hukaa kwapani mwa jani; si kangaga, ni ukoo wa jirani.