Jirani ameacha kunisalimia, nifanyeje turudi kama zamani?

Ukuta kwa Ukuta:
Habarini wana jamvi. Naombeni ushauri, na matusi tafadhali muyaweke kando, kwa sasa sina nguvu nayo.

Nina jirani, mama wa rika langu, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka 9. Binti yangu akitoka shule mimi sipo, alikuwa anafikia kwao. Mwanaye wa miaka 10 alikuwa anashinda kwangu mwisho wa wiki. Hata ufunguo wangu wa akiba alikuwa anakaa nao yeye. Wiki 3 zilizopita tulipishana kauli kwa jambo dogo la watoto. Kesho yake nikaukuta ufunguo umening'inizwa kwenye kitasa changu, umeviringishwa karatasi, na karatasi yenyewe haina hata neno. Tangu hapo nikimsalimia anaitikia mdomoni tu, macho yako kwingine. Usiku silali vizuri. Nianzeje?

Siti ya Mbele:
Ngoja wajuzi waje.

Mama Pacha:
Pole mwaya. Ndiyo maana mimi ufunguo wangu simwachii mtu. Kuna mmoja nilimwachia nikasafiri siku 4, narudi nakuta vyombo vimepangwa upya na pazia limebadilishwa upande. Eti alikuwa ananisaidia! Mpaka leo sijui alifungua makabati mangapi. Shukuru umerudishiwa wako.

Fundi Saa:
"Jambo dogo la watoto" ni lipi? Mtu wa miaka 9 harudishi ufunguo kwa jambo dogo.

Ukuta kwa Ukuta:
Mkuu, ni mambo ya kawaida tu. Kuna kitu kilipotea ndani, nikamuuliza mwanaye. Kuuliza si kosa.

Mzee wa Kibarazani:
Si kosa kabisa. Wazazi wa siku hizi mtoto wao hagusiki. Udokozi unaanza na sindano, kesho anavunja mlango. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulilelewa na mtaa mzima, ukikosea nyumba ya tatu adhabu inaanzia hapo hapo, na nyumbani unakuta nyingine inakungoja.

Fundi Saa:
Mzee, hatujaambiwa kama mtoto alikosea. Dada, ulimuuliza, au ulimwambia mama yake kwamba kachukua? Na hicho kitu kimepatikana?

Mama Pacha:
Jibu hilo la mwisho, mwaya.

Ukuta kwa Ukuta:
Sawa, nasema yote.

Ni mkufu wa marehemu mama yangu. Nakumbuka niliuweka mezani chumbani, jioni haupo. Yule mtoto aliingia humo kufuata mpira wake ulioviringika, nikamwona anatoka mkono uko mfukoni. Nikamshika mkono mpaka kwao, nikamwambia mama yake pale mlangoni, baba yake yuko ndani anasikia. Mtoto alikana. Usiku ule alichapwa, nikasikia kupitia ukutani.

Siku ya 11 natafuta risiti kwenye mkoba, nikasikia kitu kinacheza chini ya kitambaa cha ndani. Mshono ulikuwa umeachia kama upana wa kidole. Nikapenyeza mkono, ni mkufu. Sijamwambia mtu.

Kabla hamjanihukumu, nimeshamnunulia viatu vizuri, saizi yake naijua. Akimaliza mitihani nampa, mambo yatapoa taratibu. Nikisema sasa nitatonesha kidonda, na yule baba ana hasira, anaweza kumgeuzia kibao mkewe. Na mkono mfukoni niliuona kweli, sikutunga.

Fundi Saa:
Wiki 3 ukitoa siku 11, umekaa kimya siku 10. Kila siku katika hizo, mtoto ameamka akiwa mwizi wa mtaa, na wewe ulikuwa unajua si mwizi.

Viatu usimpe. Akivivaa bila wewe kusema, watu wataona umemsamehe mwizi. Utakuwa umelipigia muhuri jina hilo la mwizi.

Mzee wa Kibarazani:
Nimesoma hili nikavua miwani. Yale niliyoandika juu nayafuta kwa kesi hii.

Chaki Nyeupe:
Kuhusu huo mkono mfukoni, sisemi unadanganya. Mtoto akitembea anatia mkono mfukoni mara ngapi kwa siku? Siku hiyo uliuona kwa sababu mkufu haukuwepo. Hata ile "nakumbuka niliuweka mezani" uliiamini hivyo hivyo.

Mwaka 1974 watafiti wa kumbukumbu, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 wa kundi la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika, na 7 kati ya 50 wa kundi la pili. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu kwenye swali lilitosha. Sasa wazia wazazi wake, walioletewa habari mlangoni na neno "kachukua".

Mpelelezi wa Zamu:
Wakuu, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa leo. Mkufu wa mama aliyefariki, mtu anauacha mezani watoto wanapita na mpira? Halafu ukaingiaje mkobani wenyewe? Na viatu tayari, na baba mkali tayari. Kuna mtu anatafuta kisa cha kusimulia, nanyi mnamtolea machozi.

Mama Pacha:
Hilo la mkoba hata mimi limenisumbua.

Siti ya Mbele:
Kama ni chai, mbona imenichoma? Nilikuwa na miaka 8, iliuzwa redio ya shangazi nikaambiwa ni mimi. Aliyeiuza alijulikana baadaye, watu wazima wakaongea wao kwa wao, wakamalizana. Mimi hakuna aliyekuja kuniambia. Nina familia sasa, na nikiingia nyumba ya mtu bado mikono naiweka mahali inapoonekana.

Ukuta kwa Ukuta:
Mpelelezi, sina cha kukuonyesha. Akaunti ni mpya kwa sababu ile nyingine ndugu zangu wanaijua. Mkufu kishikio chake kimelegea, asubuhi ile nilikuwa nimeutia mkobani niupeleke kwa sonara, sikwenda, nikasahau kabisa. Nilikuja kukumbuka baada ya kuushika.

Siti ya Mbele, nimekusoma mara 3. Mpira wake bado uko kwangu, nyuma ya mlango. Hajaufuata.

Niende kwa mama yake peke yake kwanza, baba asiwepo?

Fundi Saa:
Ulisema mbele ya nani? Basi warudie hao hao, na mtoto awepo. Anza na yeye, kwa jina lake. Sema "nilikosea", usitaje mfuko. Na kwa kuwa unamwogopa baba, nenda na mtu mzima anayemheshimu, ili hasira ipate mtu wa kuizuia.

Mzee wa Kibarazani:
Na asiyekusamehe leo usimlazimishe.

Ukuta kwa Ukuta:
Nimempigia mjumbe wa mtaa, yuko njiani. Nabeba mkufu na mpira. Viatu nimeviacha kabatini.

Geti lao limefunguliwa.