MREJESHO: Ishu ya paking hospitalini
Wakuu habarini, niliomba ushauri kuhusu paking ya hospitali yetu ya wilaya, muda wa kuona wagonjwa magari na bodaboda zinajazana getini mpaka gari la wagonjwa linapiga king'ora halina pa kupita. Aliyesema tuanzie getini namshukuru sana. Tuliongea na viongozi wa kijiwe, sasa boda na bajaji zinashusha ng'ambo ya barabara, isipokuwa zenye mgonjwa, na pembeni mwa njia ya kwenda dharura na wodi ya wazazi tumepanga matairi chakavu yaliyojazwa zege, hapo hapaki mtu hata awe bosi. Sisi wa kujitolea tunaoleta uji wodini tunapaki uwanja wa kanisa jirani, kila gari lina kikaratasi chenye namba ya simu kwenye kioo, ukimzibia mtu njia, mlinzi anakupigia.

Kigumu bado ni saa 10 jioni, ndugu wanakuja ukoo mzima na Noah, na mtu mwenye mgonjwa mahututi huwezi kumfokea jamani, mwache ashushe mzee wake kwanza ndo asogeze gari. Juzi bajaji yenye mama mwenye uchungu imepita moja kwa moja mpaka mlangoni, nilifurahi mno. Mwenye uzoefu na hiyo saa 10 aongezee.